Mlezi wa Vipawa Naye Ana Bonasi Yake

Wahenga walinena kuwa mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Hawakutuambia, hata hivyo, mtoto huyo akishakua matunda ya malezi yake ni ya nani. Je, ni ya mwenyewe aliyetoka jasho? Ni ya mwalimu aliyemtambua wa kwanza? Au ni ya tajiri aliyekuja mwishoni, mfuko umejaa, akamchukua? Swali hili limeikabili michezo ya nchi yetu tangu shule ya msingi ya kijijini hadi Michezo ya Olimpiki, na sioni mahali panapofaa kuliulizia kuliko Sotik, katika nchi ya chai, ambako watu wanajua kwa vitendo maana ya kupanda, kusubiri, kuvuna na kuuza.

Msafiri atokaye Kericho kuelekea Kisii, akishapita Litein na Kaplong, huiona Sotik kama mji mdogo wa barabarani uliozungukwa na chai, mahindi na ng'ombe wa maziwa. Zao asiloliona ni wakimbiaji. Ukanda huu wa Kericho na Bomet ndio uliomtoa Wilson Kiprugut Chumo, ambaye mwaka 1964 mjini Tokyo aliipatia Kenya nishani yake ya kwanza kabisa ya Olimpiki, shaba ya mita 800, kisha akaongeza fedha nchini Mexico mwaka 1968. Ndio uliomtoa Joyce Chepchumba, aliyeshinda marathoni ya London mara mbili katika miaka ya 1990, na Paul Kipsiele Koech wa Buret, aliyetwaa shaba ya mbio za kuruka viunzi na maji mjini Athens mwaka 2004. Kutoka Sotik yenyewe, katika kijiji cha Kipajit, alitokea Mercy Cherono, bingwa wa dunia wa chipukizi wa mita 3,000 mwaka 2008 na tena 2010, na mshindi wa fedha ya mita 5,000 katika mashindano ya dunia ya Moscow mwaka 2013. Na katika kaunti jirani ya Kericho ametokea Beatrice Chebet, aliyenyakua dhahabu mbili mjini Paris mwaka 2024, na ambaye mwaka huo huo alikuwa mwanamke wa kwanza duniani kukimbia mita 10,000 chini ya dakika 29.

Kila mmoja wao alikuwa na mtu wa kwanza aliyemwambia, "Hebu rudia, nikutazame tena." Mtu huyo aghalabu ni mzazi au mwalimu wa shule ya msingi, na jina lake halimo katika orodha niliyotoka kuitoa. Makala haya yanamhusu yeye.

Katika michezo ziko njia mbili za kumpata mshindi. Ya kwanza ni kumkuza: kumchukua angali mdogo, kumfunza, kumvumilia anaposhindwa, na kungoja miaka. Ya pili ni kumnunua akiwa ameshakomaa. Anayekuza hutumia muda mwingi na fedha kidogo. Anayenunua hutumia fedha nyingi na muda kidogo. Mabishano kuhusu ipi bora huendeshwa kana kwamba ni suala la hesabu tu, yaani ipi italeta vikombe vingi zaidi. Mimi naona kwamba kwanza ni suala la haki, na kwamba haki isipotendeka hata hesabu yenyewe haitalingana.

Neno letu la Kiswahili linatoa ushahidi. Kipawa limetokana na kitenzi kupa, nalo lina dalili ya kutendwa ndani yake: ni kitu ambacho mtu amepewa. Waumini watasema, na kwa haki, kuwa Mpaji ni Mungu. Lakini wepesi wa miguu ambao haukuonwa na mtu, haukupewa saa ya mazoezi, wala raba, wala nauli ya kwenda kwenye mashindano ya kata, hubaki malishoni ukifukuzana na ndama. Kipawa kina wapaji wengi, na wengi wao hawamo pichani siku nishani inapovaliwa.

Wamarekani wameushughulikia mjadala huu wa kukuza na kununua kwa takriban miaka mia moja katika mchezo wao wa besiboli, na yafaa tuwasikilize kidogo kabla ya kurudi nyumbani. Katika miaka ya 1920 Branch Rickey, msimamizi wa klabu ya St. Louis Cardinals, alitambua kuwa klabu yake haikuwa na fedha za kushindana sokoni na matajiri wa New York. Akaamua kuzimiliki timu ndogondogo katika miji ya mbali, akawaweka vijana humo mpaka wakomae, ndipo akawapandisha daraja. Mpango huo ulipewa jina la shamba, na hadi leo Wamarekani husema kuwa klabu fulani ina shamba zuri au shamba baya. Cardinals walitwaa ubingwa mwaka 1926, na kufikia mwaka 1940 walikuwa na timu zaidi ya 30 za namna hiyo.

Shamba hilo, hata hivyo, lilikuwa na uovu wake. Mchezaji aliyetia saini alifungwa na klabu maisha yake yote ya uchezaji. Mkataba ulipoisha klabu ilikuwa na haki ya kuufufua bila ridhaa yake, na ilipopenda ilimbadilisha kwa mchezaji mwingine kama mtu abadilishavyo mbuzi kwa debe la mahindi. Mwaka 1969 Curt Flood, mchezaji mweusi wa hao hao Cardinals, alikataa kuhamishiwa Philadelphia, akaenda mahakamani. Mwaka 1972 alishindwa katika Mahakama ya Juu ya Marekani, na uchezaji wake ulikuwa umeshakwisha. Lakini mwishoni mwa mwaka 1975 msuluhishi Peter Seitz aliamua, katika shauri la wachezaji wengine wawili, kuwa mkataba ukiisha umeisha. Ndipo mchezaji huru alipozaliwa. Klabu ya Oakland, iliyokuwa imetwaa ubingwa mara tatu mfululizo tangu 1972 hadi 1974, haikuchukua muda kuwaona nyota wake wakitawanyika kufuata malipo bora.

Sasa tutazame uamuzi uliofuata, maana humo ndimo lilimo funzo letu. Wamarekani hawakumrudisha mchezaji kifungoni ili kuwafurahisha wenye mashamba. Makubaliano ya mwaka 1976 yaliipa klabu iliyompoteza mchezaji huru fidia, yaani nafasi ya ziada ya kumchagua chipukizi mpya, na fidia ya aina hiyo imeendelea kwa sura mbalimbali hadi leo. Aliyelelewa akawa huru, na aliyemlea hakuachwa mikono mitupu. Mambo hayo mawili yanaweza kukaa pamoja.

Sisi Wakenya tulikutana na mnunuzi mwaka 2003, na tulipigwa na butwaa. Stephen Cherono, kijana wa Bonde la Ufa aliyekuwa ametuletea dhahabu ya kuruka viunzi na maji katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Manchester mwaka 2002, alichukua uraia wa Qatar na jina la Saif Saaeed Shaheen. Wiki chache baadaye, katika mashindano ya dunia mjini Paris, alimshinda Ezekiel Kemboi wa Kenya na dhahabu ikaenda Doha. Magazeti ya ulimwengu yaliripoti kuwa aliahidiwa malipo ya kila mwezi maishani mwake. Mwaka uliofuata Kenya ilikataa kumwondolea kipindi cha kungoja, naye akaikosa Olimpiki ya Athens, ambako Kemboi, Brimin Kipruto na Paul Kipsiele Koech walizoa nishani zote tatu. Siku chache baada ya Olimpiki hiyo Shaheen alikimbia mjini Brussels kwa dakika 7 na sekunde 53.63, rekodi ya dunia iliyodumu hadi mwaka 2023.

Tangu hapo mlango haukufungwa. Tarehe 6 Agosti 2017 jijini London, Geoffrey Kirui alitwaa dhahabu ya dunia ya marathoni kwa niaba ya Kenya. Siku hiyo hiyo dhahabu ya wanawake ilitwaliwa na Rose Chelimo, mzaliwa wa Kenya, kwa niaba ya Bahrain, na Edna Kiplagat wetu akafuata wa pili. Mwaka 2022 Norah Jeruto, aliyekuwa akiikimbilia Kenya, alitwaa ubingwa wa dunia wa kuruka viunzi na maji akiwa amevaa rangi za Kazakhstan. Mjini Paris mwaka 2024 dhahabu ya Olimpiki katika mbio hizo hizo ilikwenda kwa Winfred Yavi, mzaliwa wa Ukambani anayeiwakilisha Bahrain. Shirikisho la riadha la dunia lilisimamisha uhamisho wote Februari 2017, kisha likaufungua tena mwaka uliofuata kwa masharti mapya: miaka mitatu ya kungoja, na hakuna kuhama kabla ya kutimiza miaka 20.

Wako wanaowaita wanariadha hawa wasaliti. Mimi siwaiti hivyo. Katika mbio ndefu Kenya ina wakimbiaji wengi kuliko nafasi, kwa kuwa kwa kawaida kila nchi hupeleka watu watatu tu katika mbio moja ya Olimpiki. Kijana wa nne au wa tano wa Kenya, ambaye angekuwa wa kwanza katika nchi nyingine yoyote, ana wazazi wanaomtazamia na ana miguu itakayodumu miaka kumi hivi. Kumwambia akae nyumbani azeeke akipeperusha bendera mkononi ni kumrudisha Curt Flood kifungoni. Tena wapo waliokwenda kwa masomo au kwa ndoa, wakakaa huko, wakawa raia wa kweli wa nchi zilizowapokea. Uhuru wa kuhama ni haki ya mtu, nayo haipungui kwa sababu mtu huyo ana kasi.

Mnunuzi, kwa upande wake, naye alijifunza jambo. Baada ya Shaheen, Qatar haijapata bingwa mwingine wa dunia katika mbio za kuruka viunzi na maji. Mti ulionunuliwa ukiwa na matunda uliliwa matunda yake, na shina halikuchipua. Lakini mwaka 2004 Qatar hiyo hiyo ilianzisha mjini Doha chuo cha michezo kiitwacho Aspire, kikiwachukua watoto na kuwafunza masomo na michezo kwa pamoja. Humo alipitia Mutaz Essa Barshim, mruka juu aliyezaliwa Doha, ambaye alitwaa ubingwa wa dunia mwaka 2017, 2019 na 2022 na kugawana dhahabu ya Olimpiki mjini Tokyo mwaka 2021. Humo pia walipitia wengi wa vijana walioipatia Qatar Kombe la Asia la kandanda mwaka 2019. Nchi yenye fedha za kununua chochote iliona kuwa haiwezi kuepuka kulima.

Kinaya ni kwamba, wakati tukiwanyooshea kidole Waarabu wa Ghuba, Qatar ndogondogo tunazo humu humu nchini, nazo ni shule zetu. Mwalimu yeyote wa michezo anayesoma gazeti hili anajua ninalolisema. Msimu wa michezo ya shule za sekondari unapokaribia, au majina ya wanaojiunga na shule mpya yanapotoka, wajumbe wa shule kubwa huzunguka vijijini. Wameshasikia kuwa kule Sotik yuko msichana aliyewaacha wenzake nusu uwanja, au kuwa katika shule fulani ya kutwa yuko mvulana asiyezuilika kwa mpira. Humwendea mzazi na ahadi ya karo, sare, godoro na sanduku. Mzazi ambaye mwezi huo mauzo ya majani chai hayakutosha hata kulipa deni la dukani hana sababu ya kukataa, na wala simlaumu. Mwezi unaofuata mtoto yuko kaunti nyingine, na mwaka ukiisha shule ile kubwa inabeba kikombe na picha yake inapamba ukurasa wa michezo.

Ni nani aliyepoteza? Si lazima awe mtoto, maana mara nyingi amepata uwanja bora, kocha bora na chakula cha uhakika. Lakini yako mambo matatu ambayo hayaandikwi popote. Kwanza, ahadi ya karo aghalabu ni ya mdomo, na goti la mtoto likiumia katika kidato cha pili ahadi nayo huchechemea. Pili, mtoto aliyeletwa kwa ajili ya miguu yake mara nyingi haulizwi sana kuhusu daftari zake, na akimaliza shule bila kupata nafasi katika timu yoyote anarudi kijijini mikono mitupu. Tatu, na hili ndilo lililonisukuma kushika kalamu, shule iliyomlea haipati hata barua ya shukrani. Mwalimu aliyebaki na watoto jioni baada ya vipindi, akichora mistari ya uwanja kwa majivu na kununua glukosi kwa fedha zake mwenyewe, anasoma habari za mwanafunzi wake gazetini kama msomaji mwingine yeyote, na jina la shule yake halimo.

Mwalimu huyo atamlea wa pili, na pengine wa tatu. Wa nne atamwacha. Hatagoma wala hataandika malalamiko. Kengele ya jioni ikilia atafunga stoo ya vifaa na kwenda kukama ng'ombe wake. Hapo ndipo hesabu ya wanunuzi inapovunjika, kwa sababu shule kubwa haina kitalu chake. Inategemea vitalu vya wengine, na siku vitalu hivyo vikikauka hakutakuwa na cha kununua, hata kwa fedha zote za karo.

Kandanda ya kimataifa ilikwisha kuliona tatizo hili. Desemba 1995 Mahakama ya Haki ya Ulaya ilitoa hukumu katika kesi ya Mbelgiji Jean-Marc Bosman, kwamba mchezaji wa nchi ya Jumuiya ya Ulaya aliyemaliza mkataba anaweza kuhamia klabu ya nchi nyingine ya jumuiya hiyo bila klabu yake kulipwa chochote. Klabu ndogo zikaingiwa na hofu, maana zilikuwa zikiishi kwa kuuza vijana waliowalea. Mwaka 2001 FIFA ikaleta kanuni mpya. Mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja hadi nyingine, asilimia 5 ya bei hutengwa kwa ajili ya klabu zilizomlea tangu alipokuwa na umri wa miaka 12 hadi 23. Kila mwaka kati ya miaka 12 na 15 hupewa robo ya asilimia moja, na kila mwaka kati ya 16 na 23 hupewa nusu ya asilimia moja.

Tuchukue mfano wetu wenyewe. Mwaka 2013 Victor Wanyama alihama kutoka Celtic ya Scotland kwenda Southampton ya Uingereza kwa bei iliyotajwa kuwa pauni milioni 12.5. Kwa kanuni hiyo, asilimia 5 ya bei ile ni pauni 625,000, na mwaka mmoja tu wa kumlea kijana wa miaka 14 unakadiriwa kuwa pauni 31,250. Kwa klabu ya mtaani Nairobi au Mombasa, hizo ni fedha za kutengeneza uwanja, kununua njumu na kulipa makocha kwa miaka kadhaa. Sharti moja tu lipo: klabu iwe imesajiliwa na shirikisho la nchi yake, na jina la kijana liwe katika kumbukumbu, mwaka baada ya mwaka. Asiye na daftari hana dai. Ndiyo maana ya ule usemi wetu kuwa mali bila daftari hupotea bila habari.

Riadha haina kanuni kama hiyo. Mkimbiaji haendi na bei mgongoni. Haondoki klabu moja kwenda nyingine, bali huondoka bendera moja kwenda nyingine, au shule moja kwenda nyingine, na hakuna asilimia inayotengwa kwa ajili ya aliyemfunza kukimbia. Kwa nchi kama Kenya, ambayo utajiri wake wa michezo umo katika riadha, hilo ni pengo kubwa, na hatuna budi kuliziba sisi wenyewe kabla ya kuungoja ulimwengu.

Na namna ya kuliziba wakulima wa chai wanaijua. Mkulima mdogo anayepeleka majani yake katika kiwanda kinachosimamiwa na KTDA hulipwa mara mbili. Kila mwezi hupata malipo ya awali kwa kila kilo aliyoipima katika kituo cha kununulia. Kisha mwisho wa mwaka wa fedha, chai ikishauzwa mnadani na hesabu kufungwa, hupata malipo ya pili, ambayo kila mtu huyaita bonasi. Bonasi hiyo imejengwa juu ya wazo la haki: kwamba siku mkulima alipokabidhi majani mawili na chipukizi, thamani yake ya kweli ilikuwa haijajulikana, na itakapojulikana, naye ana sehemu yake. Wakulima wa upande huu wa Bonde la Ufa hulalamika kuwa bonasi yao ni ndogo kuliko ya wenzao wa mashariki, na wana haki ya kulalamika. Lakini hakuna hata mmoja wao anayesema kuwa mkulima hastahili bonasi kabisa. Basi kwa nini anayelea watoto asistahili?

Napendekeza mambo matatu, na yote yamo katika uwezo wetu.

La kwanza ni daftari. Kila mwanafunzi anayeshiriki michezo kuanzia ngazi ya kata awe na cheti cha malezi kinachoonyesha shule alizopitia, miaka yake na walimu waliomfunza. Wakati wa kufanya hivyo ni sasa. Mtaala wa umilisi umetenga mkondo mzima wa Sanaa na Sayansi ya Michezo katika sekondari ya juu, ukiwa mmoja wa mikondo mitatu. Shule zenye mkondo huo zitawahitaji watoto wenye vipawa kuliko wakati wowote, na kila mmoja wao atakuwa ametokea shule ya msingi na sekondari ya msingi mahali fulani. Mtoto akiingia Gredi ya 10 bila cheti hicho, historia ya malezi yake itakuwa imefutwa mlangoni.

La pili ni bonasi yenyewe. Mjini Paris mwaka 2024 shirikisho la riadha la dunia lilimpa kila mshindi wa dhahabu katika riadha dola 50,000. Sisemi mwanariadha akatwe hata senti, kwani jasho ni lake. Nasema shirikisho letu la taifa na Wizara ya Michezo watenge, juu ya zawadi ya mwanariadha, kiasi kinacholingana na asilimia 5 tu. Kwa dhahabu moja kama ile ni dola 2,500, yaani zaidi ya shilingi 300,000 za Kenya, zigawanywe baina ya shule zilizomlea. Kadhalika, shule ya sekondari inayomchukua mwanamichezo kutoka shule nyingine iisaidie shule ile kwa vifaa: mipira, viatu, saa za kupimia muda. Kwa shule moja ya Sotik, kiasi hicho ni uwanja uliosawazishwa.

La tatu ni ulinzi wa mtoto. Ahadi ya karo iandikwe, itiwe saini na mzazi na mwalimu mkuu, na itamke wazi kuwa itadumu hadi mwisho wa masomo, goti likiwa zima au limevunjika. Shule isiyothubutu kuandika ahadi hiyo haifai kupewa mtoto wa mtu.

Najua litaulizwa swali: je, hatutakuwa tumewageuza watoto kuwa bidhaa, kila mmoja na bei yake? Ni swali la busara, na jibu lake limo katika namna ya kulipa. Bonasi iende kwa shule na uwanja wake, isiingie mfukoni mwa mtu. Isiwe sharti la mtoto kuruhusiwa kuhama. Na ilipwe baada ya mafanikio, si kabla. Mwalimu hatakuwa na cha kuuza, maana mtoto ataondoka atakapo. Lakini shule itakuwa na sababu ya kuwalea wengine. Tena tuulizane kwa uwazi, msomaji mpendwa: je, leo hakuna bei? Ipo, ila inajulikana na mnunuzi peke yake.

Litaulizwa pia: mwalimu si hulipwa mshahara na Tume ya Huduma kwa Walimu? Hulipwa, na mshahara huo ni wa vipindi vya darasani. Saa za jioni uwanjani, Jumamosi za mashindano, na safari za kuwarudisha watoto nyumbani usiku hutoka katika hiari yake. Taifa lililojenga jina lake duniani juu ya hiari ya watu wasiotajwa linapaswa angalau kuwataja.

Kwa wanafunzi nina neno fupi. Ukiitwa na shule kubwa, nenda. Ukiitwa na nchi ya mbali, lipime jambo hilo na wazazi wako, na ukiona ni heri, nenda. Hakuna mwenye haki ya kukufunga kamba. Lakini unapoulizwa na mwandishi wa habari ulianzia wapi, usianze na kambi kubwa wala kocha wa kigeni. Taja shule yako ya kwanza kwa jina lake kamili, na mwalimu aliyekuambia urudie. Huo ni mwanzo wa daftari, na haugharimu kitu.

Na kwa walimu wenzangu: dai hili hatutaletewa mezani. Vyama vyetu vya michezo ya shule hukutana kila muhula, kuanzia kata hadi taifa. Katika mkutano ujao, kabla ya kujadili ratiba na vikombe, aulize mmoja wetu swali hili moja: watoto tuliowapeleka mwaka jana wako wapi, na shule zilizowalea zimepata nini? Liandikwe katika kumbukumbu za mkutano, na jibu lisubiriwe. Mkulima wa Sotik hupima majani yake mbele ya macho yake na kuondoka na risiti mkononi. Mwalimu wa Sotik naye adai risiti yake.